Thermostati Niliyoishusha Ukutani

Mtaambiwa mtoe. Gari likichemka, kabla boneti haijasimama vizuri, atatokea mtu aseme: "Toa thermostati, hiyo ni ya nchi za baridi." Atasema kwa sauti ya aliyeitengeneza. Mimi nimestaafu, magoti yangu yaligoma kabla yangu, lakini bado nasema msitoe. Nilisema hivyo Kigali, mwaka wa pili wa vita, katika kiwanja ambamo neno hilo lilitosha kumfukuzisha mtu. Asiyetaka kusikia afunge hapa aende zake. Gari lake litamrudisha.

Kiwanja chetu kilikuwa Biryogo, kati ya ukuta wa nyumba ya Muzehe Rama na barabara ya vumbi. Hakikuwa na paa wala kibao, lakini madereva walikijua kuliko walivyojua ofisi ya kodi. Mwenyewe alikuwa Muzehe Rama, na sisi mafundi sote alitufundisha yeye. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya nguo. Muzehe hakuwahi kuiona hiyo pwani, ila ukibishana naye angekwambia, "Kwetu hatufanyi hivyo," nawe ungeachwa ukijiuliza kwao ni wapi.

Ukutani kwake palikuwa na waya mrefu uliofungwa kwenye misumari, na juu ya waya huo zimetungwa thermostati kama samaki wa kukausha. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yetu ya kuhitimu. Siku Muzehe alipokuamini ufungue injini peke yako, kazi ya kwanza ilikuwa kutoa thermostati, kuifuta kwa dizeli na kuitundika pale mbele ya wenzako. Mama Aisha, aliyeuza chai kwenye kona ya kiwanja, angekupa mandazi ya bure, mara moja tu katika maisha yako, na tangu saa hiyo ukaitwa fundi. Kabla ya hapo uliitwa "wewe."

Nami nilitundika. Nikala mandazi, na yalikuwa mazuri. Sina la kulia hapo.

Msidhani Muzehe alikuwa mjinga. Mjinga hafundishi watu kuhesabu bolti kama alivyotufundisha. Unahesabu kabla ya kufungua, halafu unahesabu tena zikiwa juu ya kitambaa, kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, kwa sababu bolti ikiwa mbali na macho ina tabia ya kupungua. Mimi hadi leo nahesabu mara mbili kila kitu: bolti, chenji, vijiko vya sukari, wajukuu wakiingia na wakitoka. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Namwambia ni ugonjwa ulionilisha.

Kuhusu thermostati hoja yake ilikuwa hii: "Saidi, Rwanda iko na theluji?"

"Haiko, Muzehe."

"Sasa mlango wa kuzuia maji yasipoe ni wa nini?"

Kwa magari aliyokulia nayo, hoja hiyo haikuwa mbaya sana. Injini zile za zamani maji yake yalikuwa na njia moja kubwa: yapande injini, yaende rejeta yakapoe, yarudi. Ukitoa mlango katikati, maji yanapita tu. Gari litachelewa kupata moto asubuhi, litakunywa mafuta zaidi, litatoa moshi Nyamirambo nzima ikujue, lakini halitachemka. Mwenye gari anaona mshale wa joto uko chini, anafurahi, analipa. Hata mimi ningekuwa Muzehe ningetundika.

Shida ni kwamba magari hayakumsubiri Muzehe.

Zilipoanza kuingia zile Hiace za dizeli, ndani yake palikuwa na mpango mwingine. Maji yalipewa njia mbili. Ile ndefu inapita kwenye rejeta. Ile fupi inarudi moja kwa moja kwenye injini, ili injini ikiwa baridi ipate joto haraka. Thermostati yake ina kisahani chini, na kisahani hicho ndicho watu hawakitazami. Maji yakipata moto, mlango wa juu unafunguka kuelekea rejeta, na papo hapo kisahani cha chini kinaziba ile njia fupi. Ni mlinzi mmoja wa milango miwili. Ukimfukuza mlinzi, milango yote inabaki wazi, na maji ni kama binadamu, yakiona njia ya mkato yanapita huko. Nusu ya maji yanazunguka ndani ya injini yakichemshana yenyewe, rejeta imekaa pale mbele kama mgeni asiyekaribishwa chai.

Hili hatukuambiwa na mtu. Tuliambiwa na Hiace ya Nestori.

Nestori alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mtu mpole, mwenye Hiace ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa jasho lake, na aliifanyia kazi ya abiria kati ya mjini na Kabuga. Kwa anayeijua barabara ile, ukitoka Kabuga unashuka bonde la Mulindi, halafu unapanda kuelekea Kanombe. Gari tupu linapanda likiimba. Gari lenye abiria, magunia ya mihogo na mbuzi mmoja linapanda likisali. Na miaka hiyo, juu ya ule mlima, karibu na kambi ya jeshi, palikuwa na kizuizi. Unapanda na mzigo, halafu unasimama kwenye foleni, injini inaunguruma, hakuna upepo unaoingia kwenye rejeta. Kwa injini hiyo ni adhabu juu ya adhabu.

Hiace ya Nestori ilichemka pale. Ikaletwa kiwanjani, ikatolewa thermostati na mwenzangu Jafari, akaitundika. Ikachemka tena palepale. Muzehe akaagiza rejeta ioshwe. Ikaoshwa, ikachemka. Mara ya mwisho ilizimika mbele ya kizuizi, ikimwaga mvuke, na askari hawakupenda gari linalofuka moshi karibu na kambi. Wakamshusha Nestori, wakatazama vitambulisho vyake, wakaona Bujumbura, wakamweka kivulini hadi jua lilipogeuka, wakimuuliza swali moja kwa namna nyingi: kwa nini gari lako linapenda kusimama hapa?

Alipokuja kiwanjani safari ile hakukaa hata chini.

"Ndugu Saidi," aliniambia, "mimi niko nachoka. Sasa wananijua sura. Ikichemka tena pale, sirudi kuichukua. Nitashuka, nitaiacha mlango wazi, nitapanda basi la kwenda kwetu. Watoto watakula nini, Mungu anajua."

"Na pesa ulizoingiza kwenye hili gari?"

"Pesa inazaliwa tena."

Hapo nikajua ameogopa kweli, kwa sababu Nestori alikuwa mtu wa kupatana nauli ya mbuzi.

Vijana, kabla hujashika spana, shika mipira. Hiace injini yake iko chini ya kiti cha mbele. Inua kiti, washa, subiri, kisha weka kiganja kwenye mpira wa juu unaotoka kwenye injini kwenda rejeta, halafu kwenye ule mfupi unaorudi. Kwa uangalifu. Kiganja ni kimoja kila upande, hakuna cha akiba. Injini yenye thermostati nzima mpira wa juu unakaa baridi kwa muda, halafu ghafla unapata moto: mlango umefunguka. Wa Nestori ulipata moto kidogo kidogo, kivivu, tangu mwanzo, huku ule mfupi ukiwa wa kuunguza. Nikakaa hapo nimeinama kwenye kiti cha watu nikifikiri. Nikamuuliza Jafari ile thermostati aliyoitoa ilikuwaje.

"Kama nyingine. Ila ilikuwa na kisahani chini, kama ina sufuria yake."

"Kisahani?"

"Sha, Saidi, mimi si sonara. Niliitundika. Nenda kaitazame."

Nikaenda ukutani. Karibu waya mzima ulikuwa thermostati za zamani, hazina kisahani. Zenye kisahani zilikuwa tatu, nikahesabu tena, tatu, zote za Hiace, na wenye Hiace wote watatu nilikuwa nawajua: ni walewale waliokuwa wakirudi kwetu kila mwezi kulalamika. Nikanyoosha mkono.

"Unafanya nini?" Ilikuwa sauti ya Muzehe, ametoka kuswali adhuhuri, kofia kichwani, tasbihi mkononi.

"Nashusha hizi, Muzehe. Nataka kumrudishia Nestori."

Mafundi wote wakageuka. Hata nyundo ya mnyoosha bodi ilikoma. Toka waya ule utundikwe, hakuna aliyewahi kuushushia kitu.

"Kumrudishia takataka?"

Nikamweleza. Njia ndefu, njia fupi, kisahani, mlinzi wa milango miwili. Nilieleza vibaya, mikono ikizidi maneno. Jafari akaanza kucheka. "Muzehe, mfukuze mlinzi uibiwe! Saidi amekuwa mwalimu wa maji. Keshokutwa atatufundisha kunywa."

Muzehe hakucheka. "Hizo zimetundikwa na mafundi mbele ya watu. Ukishusha moja, umesema hao hawakuwa mafundi. Umesema na mimi niliyewaita fundi nilikuwa nacheza."

"Sisemi hivyo. Nasema gari limebadilika."

"Ukiishusha hiyo, Saidi, shuka na sanduku lako. Kiwanja ni changu."

Niwaambie ukweli, mahali pale palikuwa riziki yangu yote. Nilikuwa na mke, watoto wawili, na sanduku la spana lisilojaa. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu isipokuwa ya fundi. Mtu mwenye akili angeteremsha mkono akaomba radhi. Lakini nilimtazama Nestori, ambaye Kiswahili cha ugomvi wetu alikielewa vizuri kabisa, akiwa ameshikilia mlango wa gari lake kama mtu anayeliaga. Nikazishusha zote tatu.

"Sanduku nitalichukua," nikasema, "gari likishapanda Kanombe. Likichemka, nitaondoka bila sanduku."

"Subhanallah," alisema Mama Aisha kwenye kona yake. "Na bado hujalipa chai."

Kwa Mama Aisha ndiko nilikoenda kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na maabara. Thermostati haipimwi kwa kuitazama. Inapimwa kwa maji ya moto. Nikamwomba sufuria.

"Sufuria yangu ya chai? Uweke chuma cha gari?"

"Nitaisugua."

"Utaisugua kwa mchanga, halafu kwa sabuni, halafu utaninunulia nyingine."

"Nitaisugua kwa mchanga na sabuni."

"Na nyingine?"

"Nyingine tutazungumza ikitoboka."

Tukakubaliana. Funga thermostati kwa uzi, iteremshe ielee katikati ya maji. Ikigusa chini itasoma moto wa sufuria, si wa maji, nayo itakudanganya. Weka moto taratibu. Iliyo nzima inaanza kufunguka maji yakiwa bado hayajatokota, yale maji ambayo ukitia kidole unakitoa bila kufikiri. Yakitokota kabisa iwe imefunguka wazi. Halafu itoe, iache ipoe, itazame ikifunga. Ikifunguka isifunge, haifai. Ya kwanza haikusogea kabisa. Ilikuwa imekufa mlango umefungwa, pengine ndiyo iliyochemsha gari la mwenyewe hapo mwanzo. Ya pili ilifunguka maji yakiwa yamekwisha kutokota, imechelewa kama mgeni wa harusi. Ya tatu ilifunguka taratibu, kwa heshima, kisahani kikashuka chini wote wakiona. Jafari alikuwa amesogea karibu, ati anakunywa chai.

"Inashuka kweli," alisema. Halafu akakumbuka yuko upande gani, akarudi kwenye gari lake.

Sasa kofia. Thermostati inakaa chini ya kikombe cha aluminiamu chenye shingo ya kuingizia mpira, sisi tuliita kofia. Vijana wengi wanabadilisha thermostati wakaiacha kofia, halafu wanashangaa maji yanavuja. Kagua vitu vitatu: shingo, masikio na uso. Shingo huliwa na kutu ya maji machafu. Piga kucha, ukiona unga mweupe na vishimo, mpira hautakaza hapo kamwe. Masikio ni pale bolti zinapopita, hupasuka kwa sababu ya mafundi wenye nguvu. Uso ni ule unaolala kwenye injini, na lazima uwe tambarare kama kioo. Tena kwa kioo ndiyo unapimwa: laza msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, sugua kofia kwa mwendo wa duara, itazame. Panapong'aa ni mlima, pasipong'aa ni bonde. Sugua mpaka iwe nchi moja.

Kofia ya Nestori ilikuwa imekwisha. Miaka ya kujaziwa maji ya mfereji wa barabarani ilikuwa imeitafuna shingo kama panya. Na bolti zake, moja ilitoka, ya pili ilikuwa imeoana na aluminiamu. Hapo ndipo mnapokatia bolti, nawaona. Mnaning'inia kwenye spana na uzito wote. Acha. Tia mafuta, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, kama unabisha hodi. Pasha moto kidogo pembeni yake. Kisha kaza unene wa unywele mmoja kabla ya kulegeza. Ndiyo, kaza. Legeza, kaza, legeza. Inachukua muda wa kunywa chai mbili, na mimi nilikunywa mbili, za mkopo. Ikatoka nzima.

Kofia nyingine niliipata kwa muuza vyuma vya zamani kule Nyabugogo. Aliona haraka yangu, akataja bei ya injini nzima. Kanuni yangu ya kupatana ni hii: usishike kitu unachokitaka. Nilishika pampu ya maji nisiyoihitaji, nikaibishania mpaka tukatokwa jasho wote wawili, nikaiweka chini kwa masikitiko, nikageuka kwenda, halafu nikauliza nikiwa nimempa kisogo, "Na hicho kikofia kilichopasuka?"

"Hakijapasuka!"

"Nilidhani ni ufa."

"Ni uchafu huo! Futa uone!"

Nikafuta, nikaona, akaniuzia kwa bei ya kitu kinachoonewa huruma.

Gasketi, ambayo Kigali tuliita jwe, nilikata mwenyewe kwa karatasi nene ya boksi: unailaza juu ya kofia, unagonga kandokando kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka karatasi ijikate yenyewe. Gundi ni kidogo, kama mafuta ya nywele ya mtu mwenye upara. Jafari aliwahi kuipaka kama anapaka siagi mkate wa mtoto wake wa pekee. Iliyozidi ikajisokota ndani, ikaenda kulala kwenye rejeta, na gari likachemka kwa sababu ya dawa. Thermostati, kwa Nestori ile ya tatu, unaiweka springi ikitazama injini. Ile pini ndogo inayochezacheza ukingoni iwe juu kabisa, ndiyo inayotolea hewa. Ukiiweka chini, hewa inabaki kama mpangaji. Bolti unakaza kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Hii ni aluminiamu, si adui. Mwisho nikajaza maji safi, si ya mfereji, nikaibana mipira kwa mikono mpaka mapovu yakaisha, nikahesabu bolti kwenye kitambaa. Haikubaki hata moja. Nikahesabu tena, hata hivyo.

Asubuhi tulipotaka kwenda Kabuga, Muzehe Rama alikuwa amesimama kando ya Hiace, amevaa kanzu safi.

"Napanda," alisema.

"Muzehe, utaumia mgongo."

"Sikukuuliza mgongo."

Akakaa kiti cha mbele, katikati, juu ya injini kabisa. "Hapa," alisema, akijipigapiga pajani, "ndipo kipimo changu kilipo. Mshale unaweza kudanganya. Haya makalio yana miaka sitini hayajadanganywa."

Kwenda kulikuwa rahisi, gari jepesi. Kabuga, Nestori na konvwayeri wake, yaani utingo, walijaza: abiria wa kutosha, magunia, kuku, na mama mmoja mwenye ndizi nyingi kuliko nauli yake. Injini ikiwa bado inaunguruma, Muzehe alinyanyuka, akainua kiti, akaweka kiganja kwenye mpira wa juu, kisha kwenye ule mfupi. Alikaa hivyo kidogo. Nilimwona. Akarudisha kiti akakaa.

Tukashuka Mulindi, tukaanza kupanda. Nestori alikuwa ameshika usukani kama anauzuia usikimbie. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukasimama. Gia ya pili, ya kwanza. Abiria nyuma walikuwa wanazungumzia bei ya sukari, hawajui wamebebwa na ugomvi wa watu. Tukafika juu, foleni ndefu, injini inaunguruma, hakuna upepo. Mshale ukaongezeka unene wa ukucha. Nestori akaanza kusoma Salamu Maria kwa sauti ya chini. Mimi nikaanza ya kwangu. Muzehe alikuwa amekaa vilevile.

Ikafika zamu yetu. Askari kijana akaitazama Hiace, akamtazama Nestori, akamtambua.

"Wewe tena. Zima moteri."

Hapo ndipo penyewe, vijana. Injini iliyopanda mlima ukiizima ghafla, pampu inasimama, feni inasimama, joto lililo ndani ya chuma linahamia kwenye maji. Gari lililokuwa linajikaza ndipo linapomwaga. Nestori alinitazama kwenye kioo. Nikamwinamishia kichwa. Akazima.

Mshale ukapanda. Ukapita katikati. Askari alikuwa anasoma vitambulisho polepole, kana kwamba kila herufi ina mwenyewe. Mshale ukaendelea. Nilisikiliza kwa masikio yote mawili kama kuna mlio wa mvuke chini ya kiti. Askari akamfikia Muzehe, akashangaa jinsi alivyokaa wima, macho mbele, kama anapigwa picha.

"Muzehe, umekalia nini?"

"Maneno ya mtu mwingine," alisema Muzehe Rama.

Askari hakuelewa, nasi hatukumsaidia. Akarudisha vitambulisho. Akatazama chini ya gari, akitafuta yale maji ya kila siku. Lami ilikuwa kavu.

"Leo halifuki," alisema, karibu kwa masikitiko. "Haya, pita."

Nestori akawasha. Mshale ukatetemeka, ukaanza kushuka, ukarudi katikati, ukakaa hapo kama mtu aliyefika kwake. Tukapita Remera mpaka mjini, Nestori akilia na kupiga honi bila sababu.

Alifanya kazi na gari lile mpaka mwaka uliofuata, akaliuza kwa bei nzuri, akaenda kwao akiwa na kitu mkononi. Yaliyokuja baada ya hapo mnayajua, na siyaweki katika maandishi ya spana. Wengi waliokuwa kiwanjani siku hizo sikuwaona tena. Nimewaandika wakicheka kwa sababu ndivyo walivyokuwa.

Lakini mnataka kujua kuhusu kiwanja. Tulipofika Biryogo, Nestori alinikumbatia mbele ya watu wote, Mama Aisha akapiga kigelegele, na Jafari akajifanya anatafuta spana chini ya gari lisilo na tatizo. Nikadhani limekwisha. Nikaenda kushika nyundo yangu.

"Gari limepanda," alisema Muzehe nyuma yangu.

"Limepanda, Muzehe."

"Nimelikalia mwenyewe. Halikuniunguza."

"Alhamdulillahi."

"Umeshinda. Sanduku liko wapi?"

Nilimtazama nikitafuta mzaha, sikuuona. Yule mzee alikuwa amesema neno mbele ya mafundi wote, na neno lake ndilo lililokuwa limejenga kile kiwanja. Angelirudisha, asubuhi ya pili kila mtu angeshusha anachotaka. Nami nilikuwa nimejibu mbele ya walewale. Sikumwomba. Sikuinamisha kichwa. Nikaanza kukusanya spana zangu, nikizihesabu kwa sauti ili azisikie, na nilipomaliza nikazihesabu tena.

Nilipotaka kulinyanyua sanduku, mkono wake ulikuwa umetangulia. Alilitia begani, kanzu safi na yote, mtu wa miaka sitini ambaye kwa miaka mingi hakubeba hata birika lake la udhu. Mafundi walisimama. Akavuka nalo barabara mpaka upande wa pili, penye ukuta wa duka lililofungwa na kivuli kizuri kuliko cha kwake, akaliweka chini taratibu, akajifuta vumbi.

"Hapa," alisema. "Hiace zote nitakuletea. Siwezi kuzitengeneza na siwezi kukuita urudi. Lakini sikia, Saidi, bei yako isishuke chini ya yangu. Utaniharibia wateja."

"Muzehe," nikamwambia, "bei yangu itakuwa juu ya yako. Wewe unatoa. Mimi narudisha."

Akafikiri. "Juu kiasi gani?" akauliza, na tukaanza kupatana.